Hesabu Zilizonywewa Siku ya Ijumaa

Shule ilikuja nyumbani kwangu ndani ya kijiti. Kijiti chepesi, kimepasuliwa kichwani, na katikati ya ule mupasuko wamebana karatasi. Ndivyo barua zilivyotembea siku za Wabelgiji, kusudi jasho la mukono wa mubebaji lisizichafue. Nilizoea kuona vijiti vile vikipita kwenda kwa Muzungu wa teritware, mutawala wa eneo letu. Sikudhani kimoja kitasimama kwangu.

Ilikuwa hivi. Ndui ilitokea kwenye vijiji vyetu, na Muzungu akafunga njia ya kutoka huku Kabambare kwenda Kasongo. Kamba moja nene toka muti huu hadi ule, na polisi mumoja na kiti chake. Upande wetu tulibaki sisi na hofu yetu. Upande wa pili ilibaki misioni, shule, mwalimu, na bwana wangu pia, aliyekuwa kwenye kazi ya barabara. (Alirudi amenona, huyo. Hilo ni neno lingine, na tulilimaliza wenyewe.) Watoto wa kwetu wote walikuwa wamerudishwa nyumbani kabla kamba haijafungwa.

Wangu walikuwa wawili. Mukubwa, mutoto mwanaume, alikuwa darasa la nne. Dada yake ndiyo kwanza alikuwa ameanza ba-be-bi. Mwalimu akaagiza kwamba kila Jumatatu atatuma maswali, na kila Jumamosi majibu yarudi. Barua zilipofika kwenye kamba, polisi alizipitisha juu ya moshi ili kuua ugonjwa, basi masomo yetu yote yalinuka kama samaki mukavu. Asiyerudisha majibu, jina lake litafutwa.

Kufutwa jina halikuwa jambo dogo. Yule mukubwa wangu alikuwa ameanza kurefuka. Wiki ileile kapita wa pamba, musimamizi wa mashamba ya lazima, alipita kwetu, akamuambia ainue mukono, akamuchungulia kwapani. Musicheke. Ndivyo walivyopima utu uzima, maana nani alikuwa na karatasi ya kuzaliwa? Kisha akaniambia, bila ubaya, alikuwa mutu wa heshima:

«Mama, kama huyu iko wa shule, ni wa shule. Kama haiko wa shule, nitamuandika na wanaume, apewe shamba lake.»

Shamba la pamba, maana yake. Na pamba ya siku zile haikuuliza kama umelala vibaya. Mugongo wa baba yake nilikuwa naujua. Ni mimi niliyeupaka mafuta ya mawese zile siku alizorudi hawezi kuegemea ukuta. Nilisema moyoni, huyu mutoto hawatamupata kwa sababu ya karatasi isiyorudi.

Lakini mwalimu wa nyumbani alikuwa nani? Mimi. Nilisoma miaka miwili kwa mamere, wale watawa wa kike wa misioni, na mwaka mumoja kati ya hiyo miwili tulikuwa tunashona tu. Kusoma nilijua, polepole. Kuhesabu nilijua mpaka pale vidole vinapoisha. Kushona bado najua.

Basi kila asubuhi, kabla ya kwenda shambani, tulikaa nyuma ya nyumba, pale mama mukwe wangu alipokuwa akitwanga sombe, majani ya muhogo. Mimi nasoma swali silabi kwa silabi, nalirudia, mutoto anaandika kwenye kibao chake cheusi, kile cha kuandikia na kijiti cha jiwe. Karatasi ya kurudisha ilikuwa moja tu. Kwa hiyo hesabu za wiki nzima zilikaa kwenye kibao, na Ijumaa jioni alizihamisha. Nilimupiga kofi mara moja, kwa hesabu ambayo mimi mwenyewe sikuijua. Mpaka leo lile kofi linaniuma mimi.

Wiki ya tatu ikaja na hesabu za kugawa. Mutoto zikamushinda. Chakula anakigusa tu. Mama mukwe alimuita «bwana yangu», kama bibi wote wa kwetu wanavyowaita wajukuu wao wanaume, akamutania kwamba atamuacha aolewe na mutu anayekula. Mutoto hakucheka.

Mama mukwe alikuwa Muislamu, mimi Mukristu. Kwetu nyumba moja inaweza kubeba hayo mawili, sufuria moja, sala mbili, hakuna aliyeshangaa. Marehemu bwana wake alikuwa akifundisha watoto Kurani. Aliandika aya kwenye ubao, akaziosha kwa maji safi, na yale maji akamupa mutoto muzito wa kichwa, au mugonjwa, anywe. Ndiyo kombe. Wengi walikunywa wakapona, mimi siwezi kusema hawakupona.

Ile Ijumaa nilirudi shambani muchana. Kibao kilikuwa kimeegemezwa ukutani, kimeoshwa, kinang'aa. Karatasi ya mwalimu ilikuwa imeanikwa kwenye kamba ya nguo, nyeupe. Mwalimu aliandika kwa ile kalamu ya zamani inayogeuka zambarau ikiguswa na maji, na kikombe kilichokuwa chini kilikuwa na zambarau kwenye kingo.

Binti yangu ndiye aliyenieleza. Bibi alisafisha hesabu za kaka, akaloweka na karatasi, kaka akanywa.

«Na mimi nilionja, mama. Hesabu ni chungu.»

Kwa mama mukwe huinui sauti. Nilienda nyuma ya choo nikawatukana kuku. Niliwatukana kwa Kibangubangu chetu na kwa Kiswahili, na nilipomaliza Kiswahili nikaanza kulia. Kesho asubuhi mubebaji anapita, na sina maswali wala majibu.

Niliporudi, mama mukwe alikuwa amekaa chini, miguu ameinyoosha, ameelewa. Alisema alifikiri yale maneno yakishaingia tumboni hayahitajiki tena nje. Bwana wake alifanya hivyo, mutoto akinywa, ubao unaandikwa aya mupya. Nikamueleza kwamba mwalimu wa misioni anataka yarudi kwake. Akafikiri sana.

«Anayataka ya nini, na yeye anayajua?»



Kisha akaniuliza mbona ninalia kama maswali yamekufa. «Wiki nzima unasoma kama mutu anayekokota kuni. Neno moja mara kumi. Mwenye masikio angefanya nini?»

Akafumba macho, akaanza kuyumba kidogo, kama walivyoyumba watoto wa bwana wake, na swali la kwanza likatoka. «Mu-sa-fi-ri ame-toka Ka-ba-mba-re...» Alilisema pamoja na makwazo yangu yote; pale niliporudia, naye alirudia. Hakujua hata moja ya zile hesabu, lakini namba zote zilikuwa mahali pake. Mutoto akachukua kibao. Nilimuona anacheka, akimusikia bibi yake ananiiga, kumbe bibi hakuwa anaiga.

Yalikuwa maswali manane. Alitoa saba. Nilipolisoma la nane yeye alikuwa ameenda mutoni, hakulisikia, na mimi na mutoto hatukulikumbuka. Mutoto aliandika lake mwenyewe, akalijibu. Nilijua ni uongo, nikaliacha lipite. Tulihamisha kwenye karatasi giza halijaingia.

Jumatatu barua ikarudi. Kapita alifika saa hiyohiyo na daftari lake, akisema amesikia watoto wengine wamefutwa. Aliniambia nisome mwenyewe, mbele ya majirani. Nikasoma polepole. Mwalimu ameandika kwamba majibu matano ni sawa, mawili si sawa. Swali la nane si lake, lakini jibu lake ni sawa. Jina linabaki.

Kapita akaniomba nisome tena lile neno la mwisho. Nikalisoma. Akaandika kitu, akaenda nyumba ya jirani.

Mama mukwe aliwaambia watu wote ni kombe, na sikumubishia. Watu walipoondoka akauliza maswali ya wiki hii yanasemaje, akasogeza kinu chake karibu na mimi, ili asikie vizuri.