Jani la Masale kwa Bi Tatu

Melkiori alikuwa mpanga chapa katika mtambo wa gazeti moja la kila wiki, nyuma ya Mtaa wa Msimbazi, na kwa miaka minne ndiye aliyetunga fumbo la Jumamosi. Jina lake halikuandikwa popote. Mhariri alitaka iwe siri, na siri hiyo ilimnogea Melkiori kuliko mshahara. Asubuhi alipanga herufi za risasi za hotuba na matangazo ya ushirika. Saa ya chakula alichora visanduku vyake na kuvitungia maelezo ya kuwahangaisha watu.

Chai alikunywa kwa Bi Tatu, mama wa Kizaramo aliyekaanga vitumbua kwenye kona ya mtaa huohuo. Bi Tatu alijifunza kusoma akiwa na wajukuu watatu, katika kisomo cha watu wazima, na fumbo la Jumamosi ndilo alilonolea kisomo chake. Alichomeka penseli kwenye kilemba, akageuza vitumbua kwa mkono mmoja na kushika gazeti kwa mwingine.

"Huyu mtunzi ana roho mbaya," alizoea kusema, "lakini mimi hanipati."

Melkiori alitafuna kimya, raha imemjaa tele. Hakuna aliyemsifu duniani kama mama huyu aliyemtukana bila kumjua.

Lakini sifa zikishamlewesha mtu, hazijui kumwambia basi. Melkiori akaanza kutamani fumbo ambalo hata Bi Tatu asingeliweza. Akaandika: *Sina kinywa. Nikipelekwa kwa aliyekasirika, hasira zake huisha.* Visanduku sita. Jibu lilikuwa MASALE. Kwao Kibosho, huko Moshi, aliyemkosea mwenzake hufunga fundo jani la masale na kumpelekea, na aliyepelekewa hana budi kusamehe. Melkiori alilijua hilo tangu utotoni, wala hakujiuliza kama mtu wa Kisarawe, kwao Bi Tatu, amewahi kuliona jani hilo.

Barua zilikuja nyingi, na hakuna hata moja iliyopata. Mhariri alikunja uso. Melkiori akacheka: "Fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua." Maneno hayo yalikuja kumchoma baadaye, na yalistahili kumchoma.

Jibu lilipochapishwa, Bi Tatu aliwauliza wateja wake masale ni nini. Hakuna aliyejua. Melkiori alikuwepo, akainamia kikombe chake.

Jumamosi iliyofuata alipewa vitumbua vimefungwa kwenye karatasi ya gazeti. Alipofungua aliona ni fumbo lake, jipya la asubuhi ileile, visanduku vyote vitupu na mafuta yanaviloanisha.

"Bi Tatu, hili mbona hujalijaza?"

"Nimeacha, mwanangu. Mambo ya kusoma yana wenyewe."

"Si ulikuwa unayamaliza yote?"

"Nilikuwa nabahatisha. Lile la juzi nimekaa nalo siku tano. Nikaandika zawadi, herufi zote zikakaa, nikajua nimelipata. Kumbe wapi. Hilo neno lao hata sijapata kulisikia. Mwalimu Hyasinta aliposema nimehitimu, naona alinionea huruma tu." Akaopoa kitumbua kingine. Penseli haikuwapo kwenye kilemba.

Melkiori alirudi mtamboni, akalitoa lile fumbo la zamani kwenye faili. Zawadi. Haina kinywa. Ikipelekwa kwa aliyekasirika, hasira zake huisha. Akaijaza kwenye visanduku: ilienea, na maneno yaliyoikatiza yalikubaliana nayo. Bi Tatu alikuwa amelipata. Aliyemkosesha ni yeye.

Aibu ilimshika hasa. Fumbo hata likiwa gumu namna gani, anayeshindwa akishaambiwa jibu anapaswa kujipiga paji la uso na kusema, kumbe nilikuwa naliona. Bi Tatu hakuwa na la kuona. Melkiori alimfungia nje ya nyumba asiyowahi kuonyeshwa mlango, kisha akamcheka kwa kutoingia. Na mama wa watu, badala ya kumlaumu mtunzi, akajilaumu mwenyewe na kukiweka chini kisomo chake.

Wiki hiyo dada yake Candida alikuwa anashuka kutoka Moshi na mikungu ya ndizi. Melkiori alimpelekea salamu kwa dereva wa basi amletee jani la masale.

"Umemkosea nani?" Candida aliuliza akimkabidhi.

"Mama wa vitumbua."

Asubuhi iliyofuata alilifunga fundo, akalibeba kwa mikono miwili hadi kwenye kona.

"Shikamoo, Bi Tatu."

"Marahaba. Leo umeniletea mboga?"

"Hili ndilo masale. Kwetu, mtu akikukosea anakuletea hili. Mtunzi wa fumbo ni mimi."

Bi Tatu aliepua kikaango. Akalipokea jani, akaligeuza, akalinusa.

"Miaka minne unakunywa chai yangu," alisema, "na juu yake unanihangaisha."

"Zawadi ni sahihi, Bi Tatu. Aliyeshindwa ni mimi."

"Ukishindwa kitendawili unatoa mji. Haya, nipe mji."

"Chukua Tanga."

"Tanga nina shemeji wakorofi, sitaki. Nipe kwenu."

"Chukua Moshi."

"Haya. Nimekwenda Moshi, nimekula ndizi nimeshiba, nimekuta watu wanaona haya kuomba radhi kwa kinywa, wanatuma majani." Alicheka, akalichomeka lile jani kwenye kilemba. "Limenyamaza, lakini nimelisikia."

Kwa gazeti la Jumamosi Melkiori alipanga kwa mkono wake, kwa herufi nene, mistari mitatu juu ya fumbo jipya. Siku hiyo alipofika kwenye kona, vitumbua vilimjia katika ukurasa wa mpira. Ukurasa wa fumbo ulikuwa mapajani mwa Bi Tatu, naye alikuwa anawasomea wateja, kidole kikifuata neno baada ya neno: "Aliyeandika zawadi amepata. Kosa ni la mtunzi. Anaomba radhi."

Akairudia mistari hiyo bila kidole, kisha akamwomba Melkiori penseli.