Nilipikia Maharage Sufuria ya Kuchemshia Koleo za Meno

Mwenye kisa hiki yuko Mbinga. Jina lake tunabaki nalo sisi.

Nina miaka thelathini na moja, nimeolewa, nina watoto wawili. Tangu watu binafsi waruhusiwe kufungua kliniki, nimeajiriwa na daktari mmoja wa meno hapa mjini. Kazi yangu ni kuosha koleo za kung'olea meno na kuzichemsha kwenye sufuria kubwa ya presha, juu ya jiko la mafuta ya taa. Kazi hiyo ilinipa kiburi, nisiwafiche.

Jumapili iliyopita mwanangu alipata komunyo ya kwanza. Wakwe walishuka kutoka Maguu, wengi kuliko tulivyotegemea, na maharage yangu yalikuwa ya zamani, magumu ajabu. Nikaenda kuichukua ile sufuria bila kumwambia mtu. Haya, nichekeni. Yaliiva upesi, mama mkwe akanisifu mbele ya mawifi, "Mwanangu kapata mke!" Nilipoiosha nikakuta mpira wa mfuniko umepasuka. Asubuhi nikairudisha kimya kimya.

Tangu siku hiyo mvuke unavuja. Kuna utepe tunaoubandika kwenye vifaa. Joto likitosha kuua vijidudu, mistari yake huwa myeusi. Sasa inatoka na rangi ya chai ya maziwa. Daktari ananiuliza, mgonjwa yuko kitini, "Utepe umegeuka?"

"Umegeuka, daktari."

Wiki nzima najibu hivyo. Na huu ni msimu wa kahawa, wagonjwa wanajaa, na ugonjwa wa siku hizi, huu unaopita kwenye damu, mnaujua.

Jana akaja mama mkwe, shavu limevimba.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Kule kwetu kuna wang'oaji, lakini mimi nataka koleo ulizochemsha wewe."

Nikamdanganya kwamba daktari anaumwa, nikampeleka nyumbani kwangu. Kisha nikarudi kliniki, nikamshika mkono mama mmoja mzee aliyetoka Ngumbo, nikamwambia apanue mdomo. Daktari akamng'oa kwa koleo zile zile. Naye alinishukuru, jamani. Nimejiona mchafu kuliko hizo koleo.

Mama mkwe bado yuko kwangu, ameshika shavu, ananiuliza kama daktari amepona. Nikisema ukweli, kazi sina, na ukweni wote watajua yale maharage yaliivia wapi. Nipeni mawazo wenzangu: nikishamwambia daktari, yule mama wa Ngumbo nitamfuata nimwambie nini?