Sonara wa Mtongwe na Ufa Uliohama

Saa mbili asubuhi, Mtongwe, Likoni. Kabla ya kugusa pete yoyote, sonara Mansur anazikusanya ndevu zake na kuzifunga kwa mpira wa nywele wa mkewe, wa rangi ya waridi. Kisha anainamia hadubini kwa heshima zote, kama mtu ambaye hajafunga kitu.

Majirani wamezoea. Mwandishi wa habari hizi hakuwa amezoea, akacheka.

"Cheka tu," anasema Mansur, mwenye umri wa miaka hamsini na mbili. "Ndevu hizi zimevunja posa ya binti yangu."

Mansur hutengeneza vito na kuvikagua. Siku njema hupata shilingi elfu moja na mia tano. Siku mbaya hupata salamu tu. Hadubini aliinunua ya mitumba ili aone nyufa ambazo jicho haliwezi kuziona. Taabu ni mng'aro. Dhahabu iliyosuguliwa ikasuguka ni mmbea, haifichi kitu. Ukiimulika inakuonyesha taa, pua yako na kofia yako, nawe wadhani unaitazama pete.

Hayo ayajua tangu ujana, ila mwezi uliopita aliyasahau. Tsuma, kijana wa Kisauni, alikuja na wazee wake kumposa Swabra, binti wa pekee wa Mansur. Pete ilipotolewa, watu wakingoja dua, Mansur aliomba kwanza aipitishe chini ya hadubini. Mazoea yana tabu. Akaona mstari mweusi, akatangaza mbele ya wageni kwamba pete ina ufa.

Pete ile ilinunuliwa na Mzee Hashim, ami yake Tsuma. Mzee aliinuka, akavaa viatu, akasema mwenye ufa wake na abaki nao. Wageni wakamfuata, pilau ikabaki sufuriani na pete chini ya hadubini.

Tangu siku hiyo Swabra hasemi na baba yake. Akiwa na neno humpitishia mama: "Mwambie sonara chai iko mezani." Na sonara amekaa papo hapo.

Wiki iliyofuata mkewe, Mwanasaumu, anayeuza mahamri barazani, aliingia auone huo ufa uliomharibia binti yake harusi. Akachungulia, hakuna kitu. Mansur akachungulia, ufa upo. Mama akarudia, haupo. Walibishana hadi mbaazi zikaungua jikoni, ndipo Mwanasaumu alipomvuta mumewe ndevu angali ameinama. Ufa ukahama.

"Nyani haoni kundule," anasema Mwanasaumu huku akisukuma mahamri. "Udevu wake mmoja ulining'inia mbele ya taa, pete ikauonyesha, yeye akamlaumu mtoto wa watu."

Dawa ya mng'aro nayo ilitoka kwa mama huyu: karatasi nyeupe ya kufungia mahamri, ile iliyokwisha kunywa mafuta. Mansur huikunja ikaizunguka pete kama kijihema. Mwanga wa taa ukipita humo huwa laini, na dhahabu haina cha kuonyesha ila weupe wa karatasi na aibu zake yenyewe. Pete ya Tsuma, wallahi, haina hata mkwaruzo.

Mansur amekwenda Kisauni kuomba radhi, asikaribishwe hata maji. Mzee Hashim alikubali jambo moja tu: Ijumaa baada ya sala ya alasiri atavuka mwenyewe aje Likoni, achungulie kwa macho yake, ndipo aamue kama posa itarudi.

"Akiiona safi, inshallah tutasoma Fatiha hapa hapa," anasema Mansur. Halafu sauti inamshuka. "Akiona ufa, sijui nitamtazamaje mwanangu."

Swabra yuko mlangoni, ameyasikia yote. Anaingiza mkono chini ya mtandio, anachomoa mpira wa nywele zake na kuuweka kando ya hadubini.

"Baba," anasema, "ndevu za Mzee Hashim zafika kifuani."