Nilipiga Yowe la Mwizi Nyumbani kwa Bosi, Wakampiga Asiye na Kosa

Admin, naomba ufiche jina langu na namba yangu, maana huku Tukuyu tunajuana. Majina niliyotumia si ya kweli. Mimi ni binti wa miaka 24, nina diploma ya utunzaji kumbukumbu, na ni karani kwenye kampuni moja inayonunua parachichi. Nyumbani tuko mimi na mama tu. Nikikosea mahali mnisamehe.

Bosi wetu ni mzungu, anaishi na mkewe na watoto wawili upande wa Kisondela. Mkewe tunamwita Mama Lina. Kwa kuwa Kiingereza changu si kibaya, aliniomba niwe naenda Jumamosi kumsaidia na watoto. Kwao, kuelekea mwisho wa mwaka majani hugeuka mekundu na kupukutika, na watu hukaa ndani wakioka na kutengeneza mapambo mpaka Krismasi. Huku kwetu migomba ni ya kijani mwaka mzima, basi aliwapa watoto majani ya mparachichi wayapake rangi nyekundu na ya machungwa, tukayatunga kwenye uzi na kuyaning'iniza dirishani. Tulichonga maboga macho na meno. Tulioka biskuti za tangawizi na mdalasini. Nisiwe mwongo, nilizipenda zile Jumamosi. Lakini Mama Lina alivaa mikono mirefu hata kwenye joto la oveni, na siku moja alipoikunja ili akande unga, nikaona alama. Aliishusha haraka. "Dada, usitazame," akaniambia. Sikutazama tena.

Siku moja kabla ya tukio alikuwa amewapeleka watoto kutembea kwenye maporomoko ya Kaporogwe bila kumwambia mumewe. Kesho yake, Jumamosi, bosi aliingia jikoni tukiwa tunakata biskuti za umbo la nyota. Hakupaza sauti. Aliuliza kitu kwa lugha yao, mkewe akajibu neno moja. Akachukua kifimbo cha kusukumia unga kutoka mikononi mwa Lina, binti yao mkubwa, akampiga nacho mkewe usoni. Nilisikia mfupa ukivunjika. Akampiga tena akiwa ameshaanguka, damu ikarukia trei ya biskuti.

Nilitoka mbio mpaka barabarani. Akina mama wawili walikuwa wanatoka kuchuma chai. Nikawapigia kelele, "Njooni, anamuua mke wake!" Mmoja alisimama. Mwenzake akamvuta kitenge. "Gwe, twende. Ya mume na mke hayo, tena ya wazungu." Wakaenda zao.

Hapo ndipo nilipofanya kile kinachoninyima usingizi. Kila aliyekulia huku anajua ni yowe gani huwatoa watu majumbani. Nikalipiga. "Mwizi! Mwizi jamani, mwizi!"

Wakaja. Walitoka migombani, walitoka dukani, bodaboda waliangusha pikipiki pale pale njiani. Fimbo, mawe, mapanga. "Yuko wapi huyo mbwa?" Na wakati huohuo Lusajo, mtunza bustani, kijana kutoka kijiji cha Suma aliyekuwa bado mgeni kazini, akatokea mlango wa nyuma amembeba mtoto mdogo, shati limelowa damu. Alikuwa anamtoa mtoto jikoni. Damu ilikuwa ya Mama Lina. Katika wale watu hakuna hata mmoja aliyemfahamu.

Wakamnyang'anya mtoto, wakaanza kumpiga. "Si mimi! Jamani, si mimi! Muulizeni dada!" Nikapaza sauti, "Siyo huyo!" Wachache wakageuka kunitazama. Ndipo bosi akatoka barazani, ameshanawa mikono, akanyoosha kidole kwa Lusajo. "Huyo ndiye. Amepiga mke wangu." Kisha akanikazia macho. Nami nikanyamaza. Ndugu zangu, nilinyamaza. Jiwe lilimvunja taya. Mtu mmoja akamkata nyuma ya goti kama anayeangusha mgomba, na kijana mwingine akawa anacheka, "Mwizi gani analia kama ndama?" Walimwacha walipodhani amekufa. Mimi nilimdondoshea maji mdomoni mpaka polisi walipofika, basi.

Lusajo yuko hospitali chini ya ulinzi wa polisi. Mguu umekatwa, na kwa lile taya hawezi kusema neno. Mama Lina alipelekwa Dar akiwa hajitambui. Watoto wamebaki na baba yao.

Bosi aliniita ofisini. "Nani alisema mwizi?" Akajijibu mwenyewe. "Wewe. Mimi sikusema. Kijiji kizima kilisikia sauti yako." Kisha akaniambia kwa upole kabisa kwamba Jumamosi niende kama kawaida, watoto wanataka kutengeneza taa za karatasi za Krismasi. Nikaenda. Nilikata karatasi naye amesimama nyuma yangu. Alipotoka kupokea simu, Lina akaninong'oneza, "Lusajo hakumpiga mama." Nikamwambia, "Nyamaza." Mtoto wa miaka saba, na mimi ndiye niliyemwambia anyamaze.

Jana mama yake Lusajo alikuja kwetu na mkungu wa ndizi kichwani. Alinishika mikono yote miwili. "Ndaga fijo, asante sana, mwanangu. Wamesema ni wewe uliyempa maji mwanangu kabla polisi hawajafika." Mama yangu alitabasamu, anadhani amelea binti mwema. Mimi niliupokea ule mkungu.

Jumatatu polisi wanataka maelezo yangu. Nikisema ukweli, nitaulizwa nani alipiga yowe, na wale waliompiga, ambao wanaijua njia ya kwetu, watajua kwamba nimewaponza. Nikisema alivyosema bosi, Lusajo ataenda jela na mguu mmoja, na watoto wale wataendelea kulala nyumba moja na yule mtu.

Naomba msinitukane, nimeshajitukana vya kutosha. Nataka tu kujua, ninyi mngekuwa mimi, Jumatatu mngemwambia nini yule askari?