Mapaja ya Mama Pacha

Kadi ya mkopo ya Mama Pacha haikuwahi kumnunulia anasa. Ilinunua nywele za kusukia, mafuta, na dawa za kulainisha zinazonuka kama mayai viza. Vitu vyote vya saluni, vyake na vya wifi yake aliyesukia kwenye kiti cha pili, vilipitia kadi hiyo hiyo. Ndipo mchana mmoja, vidole vikiwa ndani ya kichwa cha mteja, simu ikamwambia kwamba pointi anazopewa na benki kila anunuapo kwa kadi zimekuwa nyingi. Achague: mashine ya kufulia, au azigeuze maili za ndege, apate kiti kimoja cha kwenda na kurudi.

"Yaani umesuka vichwa mpaka umepata ndege," akasema wifi yake. "Chukua mashine, shoga. Mikono ya kaka yangu imekunjamana kama ya ajuza."

Hapo hakusingiziwa mtu. Tangu pacha wazaliwe, kazi ziligawanywa hivi: mama ananyonyesha, baba anafua nepi. Kutwa Baba Pacha alitengeneza friji za watu, jioni akainamia beseni, anasugua na kunung'unika kana kwamba kuna mtu anayemsema humo ndani ya povu.

Lakini mama yake Mama Pacha alikuwa nchi ya mbali, mpishi kwenye bweni la wauguzi, na wajukuu hajawahi kuwashika. Wao walimjua kama bibi anayeishi ndani ya simu. Akiwaita, mmoja wao huigeuza simu atazame mgongoni, aone mwili wa bibi umebaki wapi.

"Mwambie miguu ninayo," bibi hutania. "Nauli ndiyo sina."

Mara ya kwanza Mama Pacha alicheka. Siku hizi alikuwa anakwenda jikoni kufuta macho.

"Mimi naenda kwa mama," akamwambia mumewe jioni ile. "Watoto wadogo hivi wanapakatwa, hawachukuliwi kiti."

"Wote wawili?"

"Walienea tumboni, watashindwa kuenea mapajani?"

Baba Pacha akayatazama mapaja ya mkewe kama fundi anayepima mlango wa friji. "Nafasi ipo," akakiri. "Lakini wapigie kwanza wenye ndege. Ukishageuza, benki hawarudishi. Tutabaki na maili na nepi."

Wakapiga, wakaweka sauti juu. Dada wa huduma kwa wateja alikuwa na sauti laini, ya mtu ambaye hajawahi kufua nepi.

"Mtu mzima mmoja anapakata mtoto mmoja tu, mama."

"Hawa ni pacha, mdogo wangu. Wembamba."

"Hata wakiwa wembamba, mama. Mkanda wa mtoto ni mmoja kwa kila kiti."

"Na nikimwacha mmoja?"

"Yupi?" akauliza Baba Pacha, na safari hii hakuwa anatania.

Mama Pacha akawatazama. Mmoja alikuwa anatafuna soksi, mwenzake anaivuta soksi hiyo hiyo. Akajaribu kuchagua, kimoyomoyo tu, akaona haya kama mtu aliyekutwa anachungulia chumba cha wenyewe.

"Basi ni mashine," akasema mumewe taratibu, bila kushangilia, akirudisha mikono kwenye beseni.

"Kuna lingine nikusaidie, mama?"

Mama Pacha alikuwa karibu kukata simu. Akakumbuka miguu. "Hicho kiti, lazima nikalie mimi? Mama yangu hawezi kukikalia, aje yeye?"

"Anaweza. Unaandika jina lake tu."

Baba Pacha akalitazama beseni, beseni likamtazama.

"Mama mkwe anafua?" akauliza.

"Mwaka mzima anapikia bweni. Likizo yake aje kukufulia nepi?"

"Nilikuwa nauliza tu."

Mama Pacha alikuwa amepakata pacha wote wawili, hana hata kidole. "Bonyeza wewe hapo kwenye maili," akasema.

Simu ikauliza kama wana uhakika, ikauliza tena.

"Hata siku ya ndoa hawakunihoji hivi," akasema Baba Pacha. Akabonyeza. Kidole kilikuwa kimelowa, simu ikakikataa. Akakifuta kwenye suruali, pole pole, akabonyeza tena.

Pacha mmoja akainyakua ile simu, akaigeuza, akatazama mgongoni.

"Subiri, mwili unakuja," baba yake akamwambia, akainamia tena beseni. "Ila akifika asinifundishe kusuuza."