Hita Yangu na Homa ya Mzee Gwandu

Najicheka, ila aibu haijaniisha. Wiki iliyopita nilikwenda Endabash kumchukua Mzee Gwandu, mjomba wa mchumba wangu, nimlete Karatu kwenye kikao cha ukoo. Yeye ndiye mwenye kauli kama nafaa kuoa kwao. Na mimi nilishajisifu mno kwamba gari langu kuukuu halijawahi kunisumbua.

Rejeta niliijaza maji asubuhi, feni inazunguka, lakini njiani mshale wa joto ukapanda. Nikakumbuka dawa ya madereva: washa hita mpaka mwisho, ivute joto la injini ilete ndani. Nikawasha kimyakimya. Vioo tulishavifunga kwa ajili ya vumbi.

Mzee akavua koti, kisha sweta, kisha shati. "Kijana, mbona naungua?"

Hapo ndipo ningesema ukweli. Badala yake nikamgusa paji la uso. "Pole mzee, hiyo ni homa."

Akaamini! Akaanza kuusia: ng'ombe wekundu wapewe dada yake. Akanishika mkono. "Na wewe umchukue binti yetu. Nimebariki." Nikaitikia amina, jasho likinitiririka.

Nikampeleka zahanati, injini nikaiacha inaunguruma maana nikiizima haiwaki. Nesi akampima, hana homa hata kidogo. Akamsindikiza garini, akafungua mlango, akaruka nyuma kama aliyefunua sufuria ya makande. "Kaka, hita yote hii ya nini?"

Mzee, na singlendi yake, akachukua shati lake kitini, akaanza kulivaa.

"Kijana, zile baraka nilizitoa nikiwa mgonjwa. Sasa nimepona."