Jino Lililong'olewa kwa Uongo

Naikumbuka siku moja ya soko pale Litein, Mwanangu, nilipomdanganya mtu aliyekuwa ameshika koleo tayari kuingiza mdomoni mwangu. Usicheke. Hili taya langu lililopinda ni kazi ya uongo wa dakika moja.

Nilikuwa kijana wa miaka thelathini na kitu, na shamba langu dogo la majani chai. Uvimbe ulinitoka shingoni, nikaambiwa ni saratani iliyoanzia nyuma ya pua. Nairobi walinichoma na mionzi wiki saba, na namshukuru Mungu, ugonjwa uliisha. Lakini kabla ya kuchomwa, daktari wa meno aling'oa magego yangu matatu. Matatu, na hayakuwa hata yananiuma! Nikajiambia, huyu ananifanyia mazoezi.

Siku ya kurudi nyumbani aliniita. "Ndugu yangu, mionzi imechosha mfupa wa taya; ukiumizwa sasa hauponi upesi, ndiyo maana nilikung'oa yale magego mapema. Mdomo utakauka na meno yataoza haraka. Paka meno dawa hii kila jioni, punguza sukari, na usikubali mtu yeyote akung'oe jino kabla hujamwambia ulichomwa." Nikatikisa kichwa kukubali. Moyoni nilisema, anatafuta wateja huyu.

Mimi ni mtu wa kushuku, hata leo. Hiyo chai unayokunywa niliionja kwanza.

Kweli mdomo ulikauka. Dawa niliiacha kabatini, nikawa nashinda na chupa ya chai ya maziwa, sukari tele, napiga funda baada ya funda kulainisha koo. Na chai yenyewe ilikuwa na ladha ya kutu! Nikaanza kumchunguza mke wangu, Chebet, akipika. Kikulacho ki nguoni mwako, si ndivyo wanasema? Nikamlazimisha anywe kwanza. Alikunywa, maskini, machozi yakimtoka. Kumbe mionzi ndiyo iliyoharibu ulimi wangu.

Mwaka wa pili meno yakaanza kumeguka kwenye ufizi. Moja la chini liliuma mpaka nikashindwa kula. Nikifika Nairobi, niliwaza, watasema saratani imerudi, na kijiji kizima kitajua. Kwa hivyo nikaenda kwa mng'oa meno wa Litein, mtu mpole aliyesomea kazi yake. Aliona ngozi nyeusi chini ya taya, mahali ndevu zilikataa kuota.

"Hapa ulichomwa na nini?"

"Ni kamba ya kikapu cha majani chai."

Akanitazama. "Kamba gani hiyo inafika kwa taya?"

"Unang'oa ama niende kwa mwingine?"

Aling'oa.

Shimo halikufunga. Mwezi ukapita, ikawa mitatu, harufu ikazidi, na ulimi wangu ukawa unagusa mfupa mtupu. Na mimi nikafanya nini? Nilitangaza sokoni kwamba yule mtu ana koleo chafu, labda hata ametumwa na jirani tunayegombania naye mpaka. Wateja wakamkimbia. Akafunga chumba chake, akahama.

Aliyenikalisha chini ni Kogo, nyanya yangu, ambaye aling'olewa meno mawili ya mbele akiwa msichana, kama desturi yetu ilivyokuwa zamani.

"Mimi niling'olewa na kipande cha chuma," akasema, "na shimo likafunga kabla mahindi hayajapaliliwa. Lako linakataa kwa nini? Ulimwambia huyo mtu habari ya ile mashine ya Nairobi?"

Nikajimiminia chai.

"Umeshuku daktari, umeshuku mke wako, umeshuku mtu wa watu. Mbona hujamshuku yule aliyesema uongo?"

Eh, nilitamani ardhi inimeze! Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mimi kifo kilinikosa, lakini niliporudi Nairobi madaktari walikata kipande kizima cha taya kilichokuwa kimeshakufa. Chebet nilimwomba msamaha siku ile ile Kogo aliponikalisha chini. Yule mng'oa meno nilimtafuta mpaka Sotik, nikamkuta anauza mitumba. Nilimwambia ukweli wote. Hakunitukana. Aliniuliza tu, "Kwa nini hukuniambia? Ningekupeleka hospitali mimi mwenyewe." Nilirudi Litein kumsafisha jina, lakini hakurudi kwa kazi yake tena.

Basi, Mwanangu, sikwambii uache kushuku. Shuku, lakini uliza kwa mdomo. Daktari akitaka kung'oa, mwulize sababu mpaka achoke na wewe. Na kama wewe au mtu wako amechomwa na mionzi kichwani ama shingoni, mwambieni kila atakayegusa meno, hata miaka ishirini ikipita. Dawa ya meno mpake, maji mnywe kila wakati, chai ya sukari muwaachie wageni.

Mungu akupe watu wa kukuuliza maswali, Mwanangu, na akupe moyo wa kuwajibu ukweli mara ya kwanza.